Kabla ya Jembe, Malizaneni na Mbuzi

Kila ikifika Agosti simu yangu haitulii. Ni watu wa vijiji jirani: mama katibu, tumesikia kwenu mna mashimo ya kupandia yanayoshika maji ya mvua, njooni mtufundishe kuchimba. Nakwenda. Nikifika, kabla hata sijakalia kigoda, nauliza swali moja: baada ya mavuno, mbuzi wa hapa wanakula wapi? Wengi hucheka. Walitegemea habari za mtama, mgeni kaja na habari za mbuzi.

Mimi ni mkulima, na ni katibu wa kikundi cha watu 24 wilayani Chamwino, Dodoma, upande wa Mvumi. Mvua yetu kwa mwaka ni milimita 550 hadi 600 hivi. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakatika Februari mtama ukiwa umefika magotini, halafu inarudi ikijisikia. Anayesema Dodoma hakuna mvua hajakaa hapa siku inaponyesha. Inashuka kwa hasira, inapiga ardhi iliyo uchi, maji yanakimbilia korongoni, na saa mbili baadaye ukifukua kwa kidole unakuta vumbi. Majirani zetu wa Kongwa wanajua zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta pale kulima karanga za kulisha nchi yao, na kufikia 1951 walikuwa wamefunga virago. Mvua ikakata, udongo ukawa kama saruji, mashine zikavunjika.

Ninachoeleza hapa ni namna sisi tunavyoyachelewesha maji hayo. Mashimo ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu naianza sasa.

Kikao

Mwaka wa kwanza tulianza na jembe. Tukachimba, tukapanda, tukavuna vizuri kuliko majirani, na mabua tukayaacha shambani yafunike ardhi kama tulivyofundishwa. Julai mifugo ikaingia. Kwa desturi ya kwetu shamba likishavunwa ni malisho ya wote, kwa hiyo hakuna mchungaji aliyetenda kosa. Mbuzi wakamaliza mabua, ng'ombe wakakanyaga mashimo yakafukiwa, na machipukizi ya miti tuliyoyachagua kwa makini yakaguguniwa mpaka kwenye kisiki. Novemba tukaanza upya, na wanachama saba hawakurudi.

Usifikiri dawa yake ni amri. Hapa kwetu amri tunaijua. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa Kondoa kwenye yale makorongo makubwa, na ndani ya miaka ya 1980 zamu ikafika Mvumi. Majani yalirudi, hilo habishi mtu. Lakini nyumbani maziwa yaliadimika na samadi ikaisha, na amri ilipolegea ng'ombe walirudi. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa miaka 70 kwamba mifugo isiingie shambani, hakusikii wewe. Anaisikia ile amri.

Kikao chetu kilikaa chini ya mkwaju, Jumapili baada ya ibada. Nikasimama, nikasema "Mbukwenyi," wakaitikia, nikafungua daftari. Sikufika mstari wa pili. Mzee mmoja mwenye mbuzi zaidi ya sitini akanikatisha.

"Mwanangu, mbuzi wangu wale nini? Hilo daftari lako?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Babu, hilo ndilo nililokuja kukuuliza." Na kweli jibu sikuwa nalo. Nilikuwa nimeandika faini tu, ukurasa mzima wa faini.

Tulikaa vikao vitatu. Tulichokubaliana mwisho ni hiki, na mkikichukua kibadilisheni kifanane na kwenu. Shamba lenye mashimo halichungwi mwaka mzima. Mashamba mengine yanafunguliwa tarehe 15 Julai, si kabla, hata kama wewe umevuna Mei. Mabua ya shamba la mashimo yanagawanywa: nusu yanalala chini, nusu mwenye shamba anayakata na kumpa mfugaji, na mfugaji analipa kwa samadi, mkokoteni kwa mkokoteni. Njia ya mifugo kwenda lambo ina upana wa hatua kumi na haizibwi na shamba la mtu yeyote, hata la katibu. Mnyama akikamatwa ndani, mwenyewe hatoi hela, anakuja na jembe kuchimba mashimo 40 kwenye shamba lililoharibiwa.

Hiyo ya samadi ndiyo iliyotuokoa. Aliitoa yule yule babu. Zizi lake lilikuwa limejaa mpaka mbuzi wanaugua kwato, na sisi tulikuwa tunahangaika kutafuta mbolea.

Makubaliano ya mdomo yanatosha kwa msimu mmoja. Baada ya hapo yapelekeni yawe sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inawapa kijiji uwezo huo. Itachukua muda. Yetu iliwahi kukaa mezani kwa mtu mpaka tukaiandika tena kwa sababu karatasi zilipotea. Wekeni nakala.

Tembea na mvua

Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, usikimbilie ndani. Jifunike nailoni, chukua vigingi, panda mpaka juu kabisa ya mteremko na uyafuate maji. Utaona yanapoanza kujikusanya, yanapoingia shamba la nani, yanapotokea. Pigilia kigingi kila yanapogeuka. Nusu saa ile inafundisha kuliko semina ya siku tatu yenye soda.

Ukishuka utagundua jambo: maji yanayokuharibia yanatoka kwa mwenzako wa juu. Kwa hiyo kikundi kisijengwe kwa urafiki wala kwa kanisa moja. Kijengwe kwa mteremko. Wenye mashamba yanayofuatana kutoka juu kwenda chini wawe pamoja, na kazi ianzie juu. Ukijenga kinga, yaani mfereji na tuta la kuzuia maji, chini wakati juu ni wazi, mvua moja tu inaivunja, na maji yaliyojikusanya nyuma yake yanatoka kwa kishindo kuliko yangepita yenyewe.

Fremu A, na kosa letu

Kinga ya maji lazima ilale sawasawa, isipande wala kushuka. Kifaa chake unakitengeneza nyumbani: fito mbili za mita mbili zilizofungwa juu kama herufi A, ufito wa tatu katikati, na kamba inayoning'inia kutoka kileleni ikiwa na jiwe. Jiwe lishuke chini kidogo ya ule ufito wa kati.

Sasa fuatilia hapa. Simamisha fremu, miguu yote miwili chini, na uweke alama ardhini kila mguu ulipo. Jiwe likitulia, chora kamba inapopita kwenye ufito wa kati. Kisha geuza fremu: mguu wa kulia ukae palipokuwa pa kushoto, wa kushoto pa kulia. Chora tena. Utapata alama mbili. Katikati yake ndipo penye usawa, chora alama ya tatu kwa msumari wa moto isifutike. Kuanzia hapo, kamba ikigusa alama ya tatu, miguu yote iko kimo kimoja. Unazungusha fremu hatua kwa hatua kuvuka shamba, kila mguu unapotua unapigilia kigingi.

Sisi tulichora alama ya kwanza tukaona inatosha. Nani ana muda wa kugeuza? Tukapima shamba zima kwa alama ile, tukachimba wiki mbili. Kinga ikatoka nzuri ya kupiga picha, na ilikuwa inashuka kuelekea mashariki bila macho kuona. Mvua ya Januari ikaifuata kinga yetu kama barabara, ikafika mwisho wake kwa nguvu na kuchimba korongo jipya ndani ya shamba la dada mmoja ambaye hata mwanachama hakuwa. Tulilijaza kwa mawe na magunia, na mpaka leo nikipita pale naangalia upande mwingine.

Kinga tunazochimba ni fanya juu: mfereji wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo unarushwa upande wa juu wa mteremko. Ukiurusha chini inakuwa fanya chini, rahisi kwa mgongo, lakini haitengenezi ngazi haraka. (Mbinu hii ilishika Machakos, Kenya, miaka ya 1950, na hata wataalamu wa Kizungu wanaiita kwa Kiswahili chetu hivyohivyo. Nafurahi kila nikisikia.) Kila mnaposhuka kimo cha mita moja wekeni kinga nyingine. Kwenye mteremko wa wastani, ambao mita 100 zinakushusha mita tano, ni kila baada ya mita 20. Juu ya tuta pandeni majani yenye mizizi ya kushika, yale yanayoota hapo hapo porini kwenu. Tuliwahi kupanda mabingobingo kwa sababu tulipewa bure, yakakauka Agosti.

Mashimo yenyewe

Haya yanaitwa mashimo ya Chololo, kwa jina la kijiji cha hapa Dodoma yalikobuniwa. Shimo lina upana wa sentimita 22 hivi na kina cha sentimita 30, yaani rula ya shule ya mtoto ikisimama. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90, na mistari inafuata kinga, si mpaka wa shamba. Kateni fimbo mbili za vipimo hivyo. Udongo unaoutoa zungushia mdomo wa shimo kama ukingo wa sufuria.

Ndani weka majivu kidogo ya kuzuia mchwa, kisha samadi, kisha mabua au majani makavu, kisha rudisha udongo, lakini usijaze. Acha nafasi maji yasimame. Unapanda mtama, uwele au mahindi, mche mmoja au miwili kwa shimo.

Samadi iwe ya zamani. Iliyotoka zizini jana ina moto, inaunguza mche. Ishike mkononi: ikiwa nyeusi, inavunjika, haina harufu ya mkojo, sawa. Msimu wa pili mimi mwenyewe niliharakisha, nikaweka mbichi kwenye mistari minne ya chini. Ikabaki mistari minne ya mashimo matupu, na mama mkwe akawa anawaonyesha wageni.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vikundi vinapofia. Kwa vipimo hivyo eka moja inaingia mashimo kama 7,500. Ukimwambia mtu achimbe 7,500 atakuitikia vizuri tu na hutamwona tena. Sisi tulishika robo eka kwa kila mwanachama: mashimo kama 1,870. Mtu mmoja kwenye ardhi kavu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, anachimba 40 bila kujiua. Tuko 24 kwenye daftari, ila wanaofika ni 16, kuna msiba, kuna mtoto mgonjwa, kuna mvivu. Watu 16 mara 40 ni 640. Asubuhi tatu, robo eka imekwisha. Kwa asubuhi tatu za kazi kila wiki, ni wiki moja kwa kila mwanachama, na wanachama 24 ni wiki 24: kuanzia katikati ya Juni mnamaliza mwisho wa Novemba, mvua ikiwa imeshapiga hodi. Hakuna wiki ya kupoteza. Mkianza Septemba mmeshashindwa, na ndiyo maana simu za Agosti zinanitia huruma.

Zamu tunapiga kura, isipokuwa wazee na wajawazito wanatangulia. Anayekosa anadaiwa mashimo, si shilingi, kwa sababu shilingi watu wanakopa. Mwenye shamba anapika uji asubuhi hiyo, basi. Mwanzoni kulikuwa na mashindano ya nani anapika ubwabwa na nyama, wenye uwezo mdogo wakaanza kuona aibu kupokea zamu. Tukapiga marufuku nyama.

Ukishachimba, mashimo hayo unayatumia tena msimu unaofuata, unasafisha na kuongeza samadi. Faida yake iko kwenye ile mvua ya hasira. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kila shimo lina eneo lake la zaidi kidogo ya nusu mita ya mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inalipelekea kama lita 10, nusu ya ndoo kubwa. Maji hayo ndiyo yanayoushika mtama pale mvua inapokata Februari. Wanaopanda kwa kuberega, yaani kukwangua tu juu bila kulima, maji hayo yanawapita.

Mbegu, na wale ndege

Nitasema haraka. Pandeni mtama na uwele, mahindi yawe kipande kidogo cha kuchoma. Mtama aina ya Macia ni mfupi, mweupe, unakomaa mapema, unauzika. Shamba likiwa na kiduha, lile gugu lenye ua la zambarau linalonyonya mizizi, tafuteni Hakika au Wahi, zinavumilia. Kiduha ling'oeni kabla halijatoa mbegu, na katikati ya mistari pandeni kunde au choroko. Kituo cha Hombolo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya taifa, kiko karibu nasi kwa mambo ya mbegu hizi, na kama kikundi kina mtu makini anaweza kufundishwa kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, yaani zile mkulima anazozalisha mwenyewe chini ya ukaguzi, akawauzia wenzake.

Kosa ambalo mtu mmoja mmoja hawezi kulikwepa ni ndege. Ukipanda Macia peke yako ikawahi kuiva, kwelea kwelea wote wa tarafa ni wageni wako. Watoto watapiga madebe mpaka wachoke. Mkipanda wote ndani ya wiki moja, mbegu ya muda mmoja, hasara inagawanyika, kila mmoja anapoteza pembe ya shamba na si shamba. Tarehe ya kupanda kwetu inatangazwa na mwenyekiti wa kitongoji, na ni jambo ambalo watu wamelitii kuliko nilivyotegemea.

Mkivuna, anikeni juu ya turubai. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilizika watu kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, na kuanika mahindi chini ni moja ya njia zake.

Visiki

Msing'oe visiki. Shamba unaloliona tupu lina miti chini yake, mizizi iko hai, kila mwaka inachipua na kila mwaka inakatwa au kuliwa. Kisiki hai ni kuchagua: chipukizi mbili hadi tano zilizonyooka unaacha, nyingine unakata karibu na kisiki kwa panga kali, matawi ya chini ya zile ulizoacha unapogoa hadi nusu ya urefu. Kisha funga kitambaa chenye rangi. Kitambaa hakiuponyi mti. Kinamwambia mchungaji na mkata kuni kwamba huu una mwenyewe. Kanga zangu mbili kuukuu ziko porini sasa hivi, nyekundu na ya njano, nikipita nazitambua maandishi.

Anzeni na migunga na milama iliyomo mipakani. Miche ya kununua inataka maji ya kumwagilia, na hapa maji ya kunywa tu ni foleni. Kisiki kimeshazika mizizi yake tangu enzi za babu.

Mkinialika

Nitakuja, nauli ya bodaboda mtanirudishia mkiweza. Sihitaji turubai la kivuli wala soda. Nahitaji fito tatu, kamba, msumari, jiwe la ukubwa wa ngumi, na mtu mwenye mbuzi wengi kuliko wote kijijini awe amekaa mbele. Babu yetu sasa hunisindikiza nikimwomba, anapenda kusimulia lile la daftari, na kila mara idadi ya mbuzi wake inaongezeka. Kama mwenye mbuzi wenu hakufika siku hiyo, tutasalimiana, tutakunywa uji, na tutapanga siku nyingine.